Mama Mkwe Aenda Kusatsu

Nyumba yetu ya kupanga huko Kawaguchi, mkoa wa Saitama, ina vyumba viwili na inastahimili mengi: mitetemeko midogo ya ardhi, jirani wa juu anayesogeza samani usiku wa manane, hata biriani la Idi lililopikwa kwenye meko mawili tu. Januari na mama mkwe kwa pamoja haiviwezi. Baridi ya huku si ya theluji. Ni upepo mkavu unaoshuka kutoka milima ya Gunma, na kuta zetu ni nyembamba hata asubuhi ukipumua chumbani unauona mvuke wako mwenyewe. Mama mkwe, aliyetoka Tanga na doti za kanga na sweta moja, aligundua kotatsu siku ileile aliyofika. Hiyo ni meza fupi yenye hita chini yake na mfarishi juu. Aliingiza miguu, akajifunika hadi kifuani, na tangu hapo meza ya kulia chakula ikawa makazi yake. Sisi tukawa tunakula juu ya magoti yake.

Binti yetu amepewa jina la bibi yake huyo. Kwa kuwa mimi siwezi kusimama sebuleni nikaliita jina la mama mkwe wangu kwa sauti, tena kwa ajili ya kumtuma mtu akapige mswaki, nyumba nzima inamwita Somo. Naeleza hili mapema ili ieleweke kwamba kwetu adabu ya ukwe haikuachwa uwanja wa ndege.

Wazo la safari lilikuwa la baba yake Somo, ambaye ni fundi katika kiwanda kimoja cha kusubu chuma. Mama apelekwe onsen, alisema, apashe mifupa moto kwenye chemchemi za milimani, wikiendi moja tu. Mama mkwe alitoa kichwa kwenye mfarishi.

"Maji moto? Si tunayo Amboni?"

Ni kweli tunayo. Nje kidogo ya mji wa Tanga, si mbali na mapango, kuna chemchemi za kiberiti zinazoitwa kwa jina la Galanos, yule Mgiriki wa mashamba ya mkonge. Mama mkwe aliyakoga ujanani, upele ukaondoka, wala hakudaiwa senti. Lakini aliyakoga na kanga mwilini, na hilo wakati ule hakuna aliyelitilia maanani.

Tulipandia Akabane treni ya Kusatsu-Shima. Njiani baba yake Somo alitusomea kwenye simu sifa za maji tunayoyaendea. Mji wa Kusatsu uko kiasi cha mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Chemchemi zake hutoa zaidi ya lita 32,000 kwa dakika, na maji hupanda yenyewe, hayavutwi kwa pampu. Ni makali: pH yake inakaribia 2, sawa na maji ya ndimu. Msumari mnene ukizamishwa humo huliwa ukakaribia kwisha kwa siku 10 hivi. Mto unaopokea maji hayo ulikuwa haukaliwi na samaki, na saruji ya madaraja ikimong'onyoka, mpaka mwaka 1964 serikali ilipoanza kuumiminia maziwa ya chokaa usiku na mchana, na mpaka leo unamiminiwa.

"Msumari?" aliuliza mama mkwe, akizungusha bangili zake.

"Wa chuma, mama. Na ni siku 10. Sisi tutakaa nusu saa."

Bangili hizo ni za fedha, pana, zimechongwa maua, alizirithi kwa bibi yake mzaa mama. Sijapata kumwona bila hizo. Alitia udhu nazo, alikanda maandazi nazo, alilala nazo.

Kutoka kituo cha Naganohara-Kusatsuguchi ni basi, kama dakika 25, barabara ikipanda katikati ya kuta za theluji. Ukishuka mjini, pua inafika kabla ya macho: harufu ya yai viza. Mama mkwe alivuta pumzi ndefu, akatangaza kwa furaha kwamba ni Amboni tupu. Katikati ya mji kuna Yubatake, uwanja wa maji yanayofuka moshi, yakipita kwenye mabirika marefu ya mbao ili yapoe kabla ya kugawiwa mahoteli. Mitaa ya karibu yake haina barafu kwa sababu joto la chemchemi hupitishwa chini ya barabara. Mzee wa watu wa Tanga, mwenye baibui juu ya koti la manyoya ya bata, alitembea pale kwa miguu mikavu huku theluji ikimdondokea begani, na akapewa manju ya bure na kila muuza duka aliyekutana naye. Alizipokea zote kwa mkono wa kulia. Ndani mna maharage ya sukari, akasema, nani huku kawafundisha?

Kilichomkonga moyo ni Netsu no Yu, jumba ambamo wanawake husimama kuzunguka birika la maji yatokayo chemchemi, kila mmoja na ubao mrefu kumpita, wakayakoroga na kuyapigapiga kwa pamoja huku wakiimba. Wenyeji hawapendi kuyapoza kwa kuyachanganya na maji baridi, kwa kuwa dawa itapungua nguvu, basi huyapiga hadi yakogeke. Sisi tumelelewa tukiambiwa kwamba mwenye kutwanga maji anapoteza muda wake. Mama mkwe alishuhudia maji yakitwangwa, tena yakitwangika, na alipiga vigelegele vilivyowageuza shingo watalii wa mistari mitatu ya mbele. Mmoja wa waimbaji alimwinamia. Kama safari ingeishia hapo ningeandika makala nyingine.

Hoteli yetu ilikuwa ya kizamani, ya mikeka na milango ya karatasi. Tulivua viatu, tukapewa kandambili, tukafika kaunta. Mama mkwe aliweka mikono yake juu ya meza.

Sasa, mama mkwe alikuwa ametoka moja kwa moja kwenye harusi ya wifi yangu wa mwisho. Mama wa bibi harusi hatoki kapa. Alikuwa amepakwa hina hadi juu ya kifundo cha mkono na piko ikachora maua na vikuba juu yake, na miguu vilevile mpaka chini ya goti. Yule binti wa mapokezi aliitazama mikono ile kwa muda, akamtazama mume wangu, akavuta pumzi kupitia meno: *sssss*.

"Kanisonya?" alisema mama mkwe.

"Hapana mama. Huku ndivyo wanavyofikiri."

"Wanafikiri kwa kusonya?"

Naam, hufikiri hivyo hasa jambo likiwa gumu. Mafadhaiko ya yule binti yana historia. Kwa miaka mingi tatuu Japani imekuwa alama ya magenge ya yakuza, na bafu nyingi za umma hazimruhusu aliyechorwa. Uchunguzi wa shirika la utalii la serikali mwaka 2015 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya waliojibu huwakataa wenye tatuu. Mwaka 2013 bafu moja la Hokkaido lilimkataa mwanamke wa Kimaori kwa sababu ya michoro ya kimila usoni mwake, na magazeti yakaandika sana. Mume wangu alieleza kwamba hii ni hina, ni majani, hutoka yenyewe, na kwamba mama huyu hana genge lolote isipokuwa kikundi cha maulidi. Binti aliinama. Alipiga simu. Akaja meneja, mwanamume wa makamo, naye akavuta pumzi kwa meno, na mama mkwe akaanza kusoma Ayatul Kursi.

Walileta suluhisho la kwanza kwenye kisahani: stika za kubandika juu ya mchoro ili usionekane, kila moja saizi ya kadi ya biashara, rangi ya ngozi. Ngozi ya nani, sikuuliza. Mume wangu alibandika moja juu ya mkono wa mama yake na sote wanne, pamoja na meneja, tukautazama ule mraba mweupe ukiwaka juu ya hina kama dirisha la nyumba yenye umeme. Meneja alikuwa wa kwanza kucheka, na akaomba radhi kwa kucheka.

Suluhisho la pili lilikuwa la heshima zaidi. Hoteli ina bafu dogo la faragha, la nje, chemchemi yenyewe, linalokodiwa na familia kwa dakika 50. Tungepewa bure, jioni ile baada ya chakula. Meneja alitabasamu akituzungushia mkono sote: baba, mama, bibi, mtoto. Mkaingie pamoja, alisema. Ni desturi nzuri.

Mume wangu alitafsiri mpaka "mtoto", akanyamaza. Hapakuwa na haja ya kuendelea.

Nimekaa huku muda wa kutosha kuzoea bafu la wanawake, ambako unavua kila kitu mbele ya watu usiowajua, unakaa kwenye kigoda unajisugua, kisha unaingia majini na kitambaa kimekunjwa kichwani, na hakuna anayekutazama. Huku hawaoni haya ya mwili mtupu, ila ua lililochorwa mkononi linawasumbua. Kwetu ua ni pambo la mama mwenye nyumba, na mtu kuonana na mkwewe bila nguo ni jambo ambalo hata mfano wake hautolewi. Mimi mama mkwe wangu sijapata kumwona kichwa wazi zaidi ya mara chache. Kila upande una amri zake, na zote zilikuwa zimekabidhiwa kwangu pamoja na ufunguo wa bafu.

Chumbani tuligawana zamu. Mama mkwe kwanza, na Somo, kwa kuwa bibi na mjukuu hawana mpaka. Hao ni wake wenza kwa utani wa babu aliyebaki Tanga na mbuzi wake. Halafu mimi. Baba yake Somo wa mwisho. Mkubwa atangulie, mwanamume asubiri: hakuna ambaye angepanga vingine, na kumbukeni mpango huu, kwa sababu ndani yake mlikuwa na msiba.

Kabla ya hapo tulivaa yukata, yale majoho ya pamba ambayo wageni huyavaa hotelini hata kwenye chakula. Mama mkwe, ambaye huanza kila jambo kwa kulia, mkono wa kulia, mguu wa kulia, alikunja joho lake upande wa kulia ukawa juu. Mhudumu aliyeleta chai alitoa kijisauti, akaweka trei chini, akamwendea kwa magoti, akamfungua na kumfunga upya, kushoto juu ya kulia, huku akiomba msamaha kwa kila pindo. Japani kushoto huwa juu, na amri hiyo ni ya mwaka 719. Wa kulia juu ni maiti peke yake.

"Anasemaje?" aliuliza mama mkwe.

"Anasema umependeza," alijibu mwanawe.

Hakumwambia pia kwamba kibla, ambacho kutoka Japani huelekea magharibi na kaskazini kidogo, kiliangukia upande wa Mlima Shirane, volkano ambayo iliripuka Januari 2018 na kuua mtu. Mama mkwe alisali magharibi yake akiuelekea kwa utulivu kamili.

Chakula nitakipitia haraka. Tulikuwa tumeomba mapema kisiwe na nguruwe wala pombe, na jikoni walijitahidi: samaki wa mtoni aliyechomwa kwa chumvi, tempura za uyoga, na konnyaku, kitu cha kijivu kinachotikisika ambacho karibu chote kinacholiwa Japani hutoka kwenye viazi vya mkoa huohuo wa Gunma. Mama mkwe alikibonyeza, kikarudi, akakifunika na bakuli. Yai lililopikwa polepole kwa joto la chemchemi lilimkasirisha, maana kiini kimeshika na ute bado unateleza. Alishuku kwamba mpishi amelipika kwa kinyume. Wali aliumaliza kwa achari ya ndimu aliyokuja nayo pochini.

Bafu lilikuwa nyuma ya hoteli, chini ya paa dogo, la mbao za mti wa hinoki, theluji ikiwa imerundikana ukingoni. Mvuke ulikuwa mzito. Mama mkwe aliingia na Somo, na aliingia na kanga. Kanuni inasema kitambaa kisiguse maji, ila kanuni hiyo ingepaswa kuelezwa na mimi, kwa mkwe, kuhusu nguo yake, na mimi mdomo huo sina. Nikabaki kwenye chumba cha kubadilishia nguo na joho langu, nikisikiliza upande wa pili wa mlango mke mwenza mkubwa akimfundisha mdogo kwamba Amboni ni bora.

Maji yale yalikuwa na joto la nyuzi 43 hivi. Wenyeji huingia kidogo, hutoka, hupumzika, hurudi. Mama mkwe aliyachukulia ya kwamba ukikaa zaidi unapona zaidi. Muda wake ulipokaribia kwisha nilisikia kimya, kisha nyayo ndogo, kisha kichwa cha Somo mlangoni.

"Mama, bibi anasema dunia inazunguka."

Niliingia kama nilivyokuwa, na mvuke ukanifunika macho. Mama mkwe alikuwa ameshika ukingo kwa mikono miwili, kanga ikielea umbali wa hatua tatu kutoka kwake.

"Geuza uso, mwanangu!"

"Nimegeuza, mama."

"Usije!"

"Siji, mama. Nipe mkono."

Jaribuni kumtoa mtu mzima kwenye birika huku mkitazama dari. Joho langu lilishika maji likafunguka, mkanda ukaenda zake, na ule mpango wote wa zamu ukamalizikia hapo, mimi na yeye tumekumbatiana kwenye theluji kama Mungu alivyotuumba, Somo akishangilia. Nilimkalisha kwenye kigoda, nikamfunika kwa taulo, nikampepea kwa kandambili. Rangi ikamrudi. Akafumbua macho, akaangalia mikono yake, akapiga kelele iliyomfikisha mwanawe mpaka nje ya mlango, ambako alisimama, kwa adabu, bila kuingia.

Bangili zilikuwa nyeusi. Hazikufubaa, zilikuwa nyeusi ti, za masizi, kila ua limezimika.

"Jicho," alisema mama mkwe. "Yule aliyenisonya."

Mume wangu aliingia wote tulipokwisha kujisitiri. Kwenye ukuta wa chumba cha nguo, juu ya rafu ya taulo, palikuwa na kibao kilichoandikwa kwa kanji tupu. Mimi husoma herufi za kana tu, Somo ndiyo kwanza anajifunza, na mama mkwe husoma Kurani. Msomaji pekee wa kibao hicho ndiye aliyepangiwa zamu ya mwisho. Akakisoma sasa, kwa sauti inayozidi kupungua: wageni wanaombwa kuvua vito vya metali, kwa kuwa kiberiti kilichomo majini hugeuza fedha kuwa nyeusi.

"Kwa hiyo si jicho, mama. Ni kemia."

"Na kemia hiyo imesubiri mpaka nisonywe?"

Usiku ule hakuna aliyelala sana. Asubuhi yule binti wa mapokezi alipotuinamia kutuaga, mama mkwe alimwinamia pia, ila midomo yake ilikuwa ikisoma.

Tuliporudi Kawaguchi nilikwenda duka la yen 100 nikanunua juso, ambayo ni bikabonati ya soda, Wajapani huisugulia sufuria. Baba yake Somo alitandika karatasi ya aluminiamu kwenye bakuli, akazilaza bangili juu yake, akamwaga maji ya moto, chumvi na juso. Kazi yake ni rahisi: kiberiti kinaiacha fedha na kuhamia kwenye aluminiamu. Maji yalichemka mapovu, harufu ya yai viza ikajaa sebule, na Somo akasema imekuwa kama Kusatsu. Tulipozitoa zilikuwa nyeupe, zinang'aa hata ncha za maua zinachoma macho. Mume wangu alizifuta kwa fulana yake na kumpelekea mama yake kwenye kotatsu kwa mikono miwili.

Mama mkwe alizipima uzito kwenye kiganja. Akaiuma moja. Akaisogeza dirishani.

"Zangu ziko wapi?"

"Ndizo hizo, mama."

"Hizi ni za jana. Zangu zilikuwa na weusi ndani ya maua. Ule wa bibi yangu."

Alikuwa na haki. Karatasi ya aluminiamu haichagui. Ilikuwa imetoa weusi wa Kusatsu pamoja na ule wa miaka mingi uliolala kwenye michongo na kuyafanya maua yaonekane. Mwanawe alianza kueleza, akaishia njiani. Tulikaa wote tukizitazama bangili mpya za zamani.

"Basi nirudishieni," alisema hatimaye. "Kidogo tu, wa kwenye maua."

"Utarudije, mama? Labda tuzitie tena kwenye yale maji."

Alifikiri, kimya, bila kusonya. Kisha akatoa mikono yote miwili nje ya mfarishi akaigeuzageuza. Hina ilikuwa imebaki kwenye kucha tu.

"Haya. Safari hii michoro imetoka, hawana la kusema. Tutaingia lile bafu kubwa la wanawake, mkwe, mimi na wewe. Maana tulichoonana tumeshaonana."

Baba yake Somo alikuwa tayari ameshika simu, anatafuta treni ya Jumamosi. Nikasema Jumamosi nina zamu kazini. Akasema basi Jumapili.